Muumini akitenda dhambi anapoteza nini hasa kwa Mungu, na anarudije? (uzi mrefu, njoo na Biblia)

#1 NdaniYaNeno (mleta mada)

Wapendwa, amani iwe kwenu.

Kuna swali halikauki humu jukwaani: mtu ameshaokoka, kisha ameanguka dhambini, sasa yuko wapi? Majibu huwa mawili. Wa kwanza watamwambia ameshapotea, aokoke upya. Wa pili watamwambia Mungu haoni tena dhambi zake, aendelee na maisha. Kwa maoni yangu wote wamechanganya mambo mawili ambayo Maandiko yameyatenganisha, yaani kuwa mtoto na kuwa na ushirika na Baba.

Kuwa mtoto ni suala la kuzaliwa (Yohana 1:12-13). Mtoto aliyemkosea baba yake asubuhi, jioni bado ni mtoto wa nyumba ile, ila mezani hawatazamani usoni. Hicho kilichopotea mezani ndicho Yohana anakiita ushirika, kwa Kiyunani *koinonia*, kushiriki kitu kimoja kwa pamoja.

Soma 1 Yohana 1 taratibu. Kuna "tukisema" tatu, na kila moja ni mbaya kuliko iliyotangulia:

Mstari wa 6: tukisema twashirikiana naye huku tunaenda gizani, twasema uongo. Hapo tunadanganya wengine.
Mstari wa 8: tukisema hatuna dhambi, twajidanganya wenyewe.
Mstari wa 10: tukisema hatukutenda dhambi, twamfanya Mungu kuwa mwongo.

Ndiyo njia ambayo dhambi isiyoungamwa huipitia. Inaanza kwa kuigiza mbele za watu, inafika mahali mwigizaji anaamini maigizo yake, mwisho anaanza kugombana na Neno lenyewe. Ukiona mtu aliyekuwa anapenda kusoma Biblia ameanza ghafla kusema mstari fulani "ulikuwa wa zamani", usikimbilie mjadala wa tafsiri. Wakati mwingine shida haiko kwenye mstari.

Na tazama 2:1, "Na kama mtu akitenda dhambi tunaye Mwombezi kwa Baba". Hajaandika kwa Hakimu. Aliyeanguka bado anaye Baba, na kesi yake inasikilizwa nyumbani.

Vinavyopotea, kwa kadiri ninavyoyasoma Maandiko:

Furaha. Daudi hakuomba arudishiwe wokovu, aliomba "unirudishie furaha ya wokovu wako" (Zaburi 51:12).

Ujasiri wa kuomba. "Kama ningaliwaza maovu moyoni mwangu, Bwana asingesikia" (Zaburi 66:18). Hapo haongelei wazo lililopita kichwani. Ni uovu ambao mtu ameutunza, ameupa chumba na ufunguo.

Ushirika na ndugu. Huu husahaulika sana. 1 Yohana 1:7 inasema tukienenda nuruni "twashirikiana sisi kwa sisi". Ungetegemea aseme "twashirikiana naye", lakini amewataja ndugu. Ndiyo maana anayeficha jambo huanza kukwepa watu kabla hajaacha kuomba.

Na nguvu ya kufundisha wengine. Zaburi 51:13, "nitawafundisha wakosaji njia zako", imekuja baada ya mstari wa 12. Mpangilio huo una maana yake.

Karibuni.

#2 Bereani77

Mleta mada, umeandika vizuri ila naomba nikubane. Isaya 59:2 inasema maovu yenu yamewafarikisha ninyi na Mungu wenu. Kufarikisha ni kutenganisha, siyo kununiana mezani. Na Waebrania 10:26 inasema tukifanya dhambi kusudi baada ya kupokea ujuzi wa ile kweli, haibaki tena dhabihu kwa ajili ya dhambi. Yohana 15:6 nayo ina tawi linalotupwa nje na kunyauka. Mfano wako wa mtoto ni mtamu mno, unaweza kumlaza mtu usingizi.

#3 NdaniYaNeno

Hoja nzito hiyo, ndugu.

Isaya anasema na taifa la agano, na bado anawaambia "Mungu wenu". Ule mstari wenyewe unaeleza utengano ni wa namna gani: uso umefichwa, na hataki kusikia. Uso na sikio, ni lugha ya ushirika hiyo.

Waebrania 10:26 siwezi kuipunguza makali. Ila soma mpaka mstari wa 29: anayeongelewa amemkanyaga Mwana wa Mungu na kuihesabu damu ya agano kuwa ni kitu ovyo. Huyo ameikataa dhabihu yenyewe, ndiyo maana hakuna nyingine iliyobaki. Ni tofauti na aliyeanguka Jumanne na tangu Jumatano analia.

Kama huyo wa kwanza alikuwa mtoto kweli kisha akaacha, au hakuwahi kuwa, hapo makanisa yamegawanyika kwa karne nyingi. Sinodi ya Dort ya 1618–1619 (mkutano wa makanisa ya Kireformati) ilishika kwamba mwaminifu anaweza kuanguka vibaya, akamhuzunisha Roho, akajeruhi dhamiri, hata akapoteza kwa muda ile hisia ya kupendwa na Mungu, lakini Mungu hamwondolei Roho kabisa. Wanaofuata mafundisho ya John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, wanasema imani yenyewe inaweza kuvunjika kama meli, na wana 1 Timotheo 1:19 mkononi. Hatutalimaliza leo. Angalizo moja tu: kambi zote mbili, zikiulizwa mtu aliyeanguka afanye nini usiku huu, jibu lao ni lile lile.

#4 Bereani77

Hilo la mwisho nakubali. La kwanza bado tuko pamoja kwenye ulingo, hahaha.

#5 RozariMkononi

Niongeze upande wa Kanisa Katoliki, maana wengi humu hudhani tunasema dhambi zote ni sawa halafu padre anazifuta kama ubao.

Sisi tunatofautisha dhambi ya mauti na dhambi nyepesi, na msingi ni 1 Yohana 5:16-17, penye dhambi iliyo ya mauti na isiyo ya mauti. Dhambi nyepesi inajeruhi upendo, haiuui. Ya mauti inaondoa neema ya utakaso, na ili iwe ya mauti yanatakiwa mambo matatu kwa pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe analijua hivyo, na aridhie kwa hiari kamili. Likikosekana moja, siyo ya mauti, hata kama linamuumiza sana.

Njia ya kurudi ni sakramenti ya Kitubio. Kwa anayetubu kuna majuto, maungamo na malipizi. Kwa padre kuna maondoleo. Mtaguso wa Laterano wa 1215 (mkutano mkuu wa maaskofu) uliweka kwamba mwamini aungame walau mara moja kwa mwaka, lakini hicho ni kiwango cha chini kabisa, siyo ratiba ya kujivunia. Majuto nayo yana ngazi. Anayejuta kwa kumpenda Mungu ana majuto kamili, naye husamehewa hata kabla ya kuungama ikiwa amekusudia kweli kwenda kuungama mapema iwezekanavyo. Anayejuta kwa hofu ya adhabu ana majuto pungufu, na hayo yanatosha akija kwenye sakramenti.

Kwa hiyo kwetu ule mstari wa mleta mada kati ya kuwa mtoto na kuwa na ushirika haukatwi mahali pale pale. Ubatizo haufutiki, mtu habatizwi tena, lakini uzima wa neema ndani yake unaweza kufa na kufufuka.

#6 NeemaTupu

Mimi naona mnajitwisha mzigo ambao Yesu alishautua. Dhambi zangu za jana, leo na kesho zililipiwa siku moja msalabani. Wakolosai 2:13 inasema ametusamehe makosa yote. Yote maana yake yote. Sasa naungama nini tena? Kuomba msamaha uliokwisha tolewa ni kutokuamini. Na 1 Yohana 1:9 iliandikwa kwa wale wasioamini waliokuwa wanasema hawana dhambi.

#7 NyundoNaMwamba

@NeemaTupu, wa Wakolosai nakubaliana na wewe asilimia mia. Wa 1 Yohana hapana. Yohana ameandika "tukiziungama", akajiweka mwenyewe ndani, mtume mzee aliyeegemea kifuani pa Yesu. Sijaona anapobadilisha wasikilizaji kati ya 1:9 na 2:1, ambapo anawaita "watoto wangu wadogo".

Jibu la swali lako Yesu alilitoa akiwa na beseni mkononi, Yohana 13. Petro kwanza anakataa kutawadhwa miguu. Anaambiwa asipotawadhwa hana *shirika* naye. Zingatia neno hilo, hakuambiwa hana uzima. Basi Petro anageuka mzima mzima, anataka na mikono na kichwa. Yesu anamjibu kwamba aliyekwisha kuoga hana haja ila ya kutawadha miguu. Kiyunani kina vitenzi viwili hapo: *louo*, kuoga mwili mzima, na *nipto*, kunawa kiungo kimoja. Kuoga hakurudiwi. Miguu inanawishwa kila ukitoka njiani, maana vumbi halijali kama ulioga.

Kwa hiyo msamaha wa hukumu umeshapata, hauombi tena. Anayeungama akiwa ndani hatafuti hukumu igeuzwe. Amekuja kunawa miguu. Ukisema huhitaji kuoga tena, uko sahihi. Ukisema huhitaji kunawa, soma alichoambiwa Petro.

Na katika Sala ya Bwana, "utusamehe deni zetu" imekaa jirani na "riziki yetu ya kila siku". Anayeomba mkate kila siku, akidai deni ni la mara moja tu, atueleze ameikata sala wapi.

#8 NeemaTupu

Hiyo ya louo na nipto sikuwahi kuiangalia. Nitaisoma. Lakini mkubali pia kuna watu wameharibiwa na kuungama kusikoisha, kila usiku wanafukua makaburi ya miaka kumi iliyopita.

#9 NyundoNaMwamba

Nakubali, tena hilo ni ugonjwa wa kweli. Dada MezaYaMkate hulieleza vizuri kuliko mimi, namuita.

#10 MezaYaMkate

Nimeitika.

Mashitaka ndani ya mtu yana sauti mbili, na dalili zake ziko wazi kiasi kwamba unaweza kuzipima.

Roho Mtakatifu akigusa, hutaja jambo kwa jina: ulimwambia fulani uongo huu, siku ile, kuhusu kitu hiki. Na anapotaja anaonyesha na mlango, yaani nenda ukaseme kweli. Ukishaungama, ananyamaza juu ya jambo hilo. Mshitaki wa Ufunuo 12:10, yaani Shetani, hataji kitu. Anasema "wewe ni mtu mbaya", "Mungu amekuchoka". Hana mlango wa kukuonyesha, na anarudi kwenye dhambi ile ile uliyokwisha kuiungama kana kwamba haikutokea.

Kipimo cha haraka: andika mashitaka hayo kwa sentensi moja yenye kitenzi na kitu. Ukiweza, ungama. Ukijaribu mara tatu ukaambulia "najisikia vibaya tu", usiungame kitu ambacho hakipo.

Tofauti hiyo iko kwa Petro na Yuda. Wote wawili waliumia kati ya usiku ule na asubuhi yake. Yuda alikiri kwa maneno safi kabisa, "nalikosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia", akarudisha vile vipande 30 vya fedha (Mathayo 27:3-5). Alikiri na akarudisha mali! Lakini maungamo aliyapeleka kwa makuhani, nao wakamwambia basi haya yatuhusu nini sisi. Petro alilia, akabaki na wenzake, na Yesu alipotokea ufukweni akajitupa baharini kumfuata. Kuna kitu kidogo nakipenda hapo: moto wa makaa, *anthrakia* kwa Kiyunani, umetajwa mahali pawili tu katika Agano Jipya. Yohana 18:18, Petro akiota moto huku anamkana Bwana, na Yohana 21:9, ambapo Yesu mwenyewe amewasha. Alikana mara tatu, aliulizwa mara tatu. Yesu hakulikwepa jeraha, ila alilifungua penye samaki na mkate.

#11 Mdodosaji

Naombeni kuuliza. Mtu amejichunguza, ameungama, hana anachoficha, lakini Mungu yuko kimya. Maombi makavu, Biblia kama gazeti la mwaka jana. Kila anayemuuliza anamwambia "kuna dhambi imejificha, endelea kufunga". Ni kweli?

#12 MezaYaMkate

Mara nyingi siyo kweli, na ushauri huo umewaumiza wengi. Marafiki wa Ayubu walikuwa na hoja hiyo hiyo, na mwishoni Mungu anawaambia hawakunena yaliyo sawa (Ayubu 42:7). Isaya 50:10 inamtaja mtu amchaye BWANA, anayeitii sauti ya mtumishi wake, na bado anakwenda gizani wala hana nuru. Hatakiwi kutafuta dhambi, anaambiwa alitumainie jina la BWANA. Zaburi 88 inaishia gizani na hakuna aliyeisahihisha.

Kisha angalia Eliya katika 1 Wafalme 19. Anaomba afe. Malaika haulizi ameungama nini. Anamgusa, anampa mkate na maji, anamwacha alale, anamwamsha, anampa tena. Mara mbili. Neno linakuja baadaye sana, mlimani. Kwa hiyo kabla ya kumtwisha mtu mfungo wa siku saba, uliza: analala saa ngapi? Anakula? Amefiwa? Anaumwa? Ukavu ukiambatana na kukosa usingizi wiki nyingi, kutopenda chochote, au mawazo ya kufa, huyo anahitaji daktari pamoja na maombi, tena mapema. Kumwongezea mfungo ni kumwongezea ugonjwa.

#13 FundiWaZamu

Wakuu, nadharia imeiva. Mwenye hatua za kufuata aziweke. Mtu amekubali kosa, anaanzia wapi? Maana wengi wanapiga magoti na kusema "Bwana nisamehe kwa yote niliyokukosea kwa kujua na kutokujua", wanasimama, basi.

#14 NdaniYaNeno

Sentensi hiyo ndiyo adui wa maungamo. Siyo mbaya yenyewe, Zaburi 19:12 inaomba utakaso wa makosa ya siri. Shida ni kuitumia kama blanketi la kufunika jambo unalolijua vizuri. *Homologeo*, neno lililotafsiriwa "kuungama", limeundwa kwa "sawa" na "kusema": kusema lile lile analosema Mungu. Yeye akiita uzinzi, wewe usiite udhaifu. Akiita wizi, usiite "nilikopa bila kuaga".

Basi hivi.

Taja jambo kwa jina na kwa kiasi chake. Daudi katika Zaburi 32:5 ametumia maneno matatu, dhambi, upotovu na maasi, asiache kona. Mistari miwili nyuma anaeleza kilichompata alipokuwa amenyamaza: mifupa ilichakaa, akawa kama nchi kavu wakati wa kaskazi. Katika mkasa wa Daudi kumtwaa Bathsheba, mke wa mtu, 2 Samweli 11:27 inaonyesha mtoto alishazaliwa kabla nabii Nathani hajatumwa kumkemea, kwa hiyo ukimya wake ulichukua miezi kama tisa au zaidi, huku anaketi kitini na kuamua kesi za watu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Usiweke "lakini" baada ya ungamo. "Nilimpiga, lakini alinichokoza" ni utetezi uliovaa kanzu ya toba. Sauli katika 1 Samweli 15 alisema nimefanya dhambi, na katika mstari wa 30 akaongeza "lakini uniheshimu sasa mbele ya wazee wa watu wangu".

Pokea. Hiki ndicho kipande kinachorukwa. 1 Yohana 1:9 inasema yeye ni mwaminifu *na wa haki*. Haki, kwa sababu deni limeshalipwa, na hakimu hadai mara mbili. Ukikaa wiki nzima bila kuomba ili "uonyeshe umejuta", unaongeza malipo yako juu ya ya Kristo. Hakuna kipindi cha kusubiri. Nathani alimjibu Daudi papo hapo, katika mstari ule ule wa 2 Samweli 12:13.

Halafu kata njia ya kurudi. Mithali 28:13 ina vitenzi viwili, kuziungama na kuziacha. Warumi 13:14 inasema msiuangalie mwili hata kuwasha tamaa zake. Namba inafutwa, programu inaondolewa kwenye simu, ratiba inabadilishwa, hesabu za fedha anapewa mtu wa pili azione. Ukiungama saa 4 usiku na chanzo kiko chini ya mto, saa 6 mtaonana.

#15 Bereani77

Ongeza malipo kwa aliyeumizwa. Hapo ndipo toba nyingi hukwama.

Walawi 6:1-7 ina kanuni. Aliyedhulumu au kukana amana anarudisha kitu kizima na kuongeza sehemu ya 5 juu yake. Aliyechukua 100 anarudisha 120. Na mpangilio ni huu: malipo kwa mwenye mali mstari wa 5, dhabihu kwa BWANA mstari wa 6. Ndiyo mpangilio wa Yesu katika Mathayo 5:23-24, acha sadaka madhabahuni, kwanza ukapatane, kisha urudi. Hesabu 5:8 inamfikiria hata aliyedhulumiwa akafa bila ndugu wa karibu: malipo yanakwenda kwa BWANA, hayabaki kwa mdhulumu.

Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, anashangaza. Alijitokeza mwenyewe, kwa hiyo sehemu ya 5 ingemtosha. Akachagua mara 4, kiwango cha mwizi wa kondoo katika Kutoka 22:1.

Na usijifariji kwamba ukiomba sana malipo yatafutika. Yoshua baada ya kushindwa Ai, watu kama 36 wameuawa, alianguka kifudifudi mpaka jioni. Akaambiwa "Inuka, mbona umeanguka kifudifudi hivi?" Joho, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu ya shekeli 50 zilikuwa zimefukiwa chini ya hema la Akani, mtu wake aliyeziiba katika nyara (Yoshua 7). Kuna wakati maombi marefu ni njia ya kuahirisha kuchimba.

#16 FundiWaZamu

Aisee. Na kuungama mbele ya watu je? Yakobo 5:16 inasema ungamianeni.

#17 RozariMkononi

Kwa jinsi nionavyo, ungamo liwe na upana wa jeraha. Dhambi ya moyoni ipelekwe kwa Mungu (na kwetu, kwa padre). Dhambi dhidi ya mtu mmoja, kwa Mungu na kwa mtu huyo. Dhambi iliyoumiza jumuiya nzima, mbele ya jumuiya hiyo. Kuipanua kuliko jeraha ni kuumiza upya. Mwanaume aliyemtamani binti kimoyomoyo asiende kumwambia "dada nisamehe, nilikutamani". Amejitua yeye, amemtwisha mwenzake ambaye alikuwa hana habari. Anayetaka msaada amtafute mtu mmoja mkomavu wa jinsia yake, anayejua kutunza siri.

#18 MezaYaMkate

Nakazia, na kuna mpaka mmoja usiovukwa. Ukatili dhidi ya mtoto, ubakaji, kupiga mwenzi, hayo ni jinai pia. Mchungaji asiyaite "mambo ya kupatana ndani ya kanisa", wala asimkalishe aliyeumizwa meza moja na aliyemuumiza ili "wasameheane". Kwanza usalama wa aliyeumizwa, kisha vyombo vya sheria. Aliyetubu kweli hatakimbia sheria. Daudi alisamehewa, na upanga haukuondoka nyumbani mwake (2 Samweli 12:10). Msamaha na matokeo vinaweza kutembea pamoja.

#19 Mdodosaji

Kumbe hilo ndilo "humrudi" la Waebrania 12? Miaka yote nilidhani Bwana anamrudia mtu, yaani anarudi kwake.

#20 NyundoNaMwamba

Hahaha, siyo peke yako. Kumrudi mtoto ni kumwadibisha, Kiswahili cha wazee hicho. "Yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi." Na mstari wa 8 unageuza hofu yetu juu chini: asiyerudiwa ndiye wa kutia shaka kama ni mwana. Anayetenda dhambi akalala usingizi mnono mwaka mzima, bila dhamiri kumsumbua wala Neno kumchoma, huyo ndiye wa kumwendea haraka. Ila tahadhari, usigeuze kila ugonjwa na hasara kuwa fimbo. Wanafunzi walimuuliza Yesu aliyezaliwa kipofu ni nani aliyetenda dhambi, akajibu si huyu wala wazazi wake (Yohana 9:3).

#21 Mdodosaji

Na anayerudia kosa lile lile? Ameungama mara 40. Ya 41 anaona aibu hata kupiga magoti.

#22 NdaniYaNeno

Luka 17:4, ndugu yako akikukosa mara saba kwa siku, akarudi mara saba akisema nimetubu, umsamehe. Mungu hatuagizi tumshinde kwa rehema. Aungame ya 41.

Ila mara 40 ni taarifa, asiitupe. Achukue karatasi, aandike kila anguko: siku, saa, alikuwa na nani, alikuwa amechoka au na njaa au mpweke, nini kilitangulia kwa nusu saa. Yakobo 1:14-15 inaonyesha mfululizo: tamaa inamvuta, inachukua mimba, inazaa dhambi. Wengi wanapigana chumba cha kuzalia. Baada ya maanguko matano hivi ataona njia ni ile ile, na ataanza kusimama nusu saa kabla.

La pili, Mathayo 12:43-45. Nyumba iliyofagiwa na kupambwa, lakini tupu, ilirudiwa na pepo saba zaidi. Kuacha bila kujaza hakudumu. Ile saa ya anguko iwe na kitu kingine ndani yake, na mtu mwingine ndani yake ikiwezekana.

#23 FundiWaZamu

La mwisho kwangu. Jumapili ya Meza ya Bwana, mtu ameanguka Ijumaa. Akae nyuma asishiriki? 1 Wakorintho 11:27 inatisha, "isivyostahili".

#24 NyundoNaMwamba

"Isivyostahili" inaeleza namna ya kula, haielezi mlaji. Angekuwa anasema wasiostahili wasile, meza ingebaki na mkate wote. Kosa la Korintho liko mistari ya 21-22: kila mtu anatangulia kutwaa chakula chake, huyu ana njaa na huyu amelewa, maskini wanatahayarishwa ndani ya kanisa. Na mstari wa 28 hausemi ajihoji na hivyo akae nyuma. Unasema "mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate". Ameanguka Ijumaa, ana Ijumaa usiku na Jumamosi nzima ya kuungama na kumwendea aliyemkosea.

Anayepaswa kusubiri ni yule aliyeamua kuwa Jumatatu anarudia.

#25 RozariMkononi

Kwetu, anayejijua yuko katika dhambi ya mauti aanze na Kitubio, ndipo akomunike. Kwa hiyo Jumamosi jioni afike kanisani mapema, foleni ya kitubio huwa ndefu.

#26 Bereani77

Na hiyo Jumamosi asubuhi apeleke ile 120.